Bafu la Dirisha la Tatu

Kanisa lilipohamia kwenye jengo jipya, lile la zamani liliuzwa, na walionunua walikuwa binti yake Mama pamoja na mumewe. Binti alikuwa mchoraji, mume seremala. Walihangaika nalo mwaka mzima. Palipokuwa na madhabahu, chini ya madirisha marefu, binti aliweka meza ya rangi na picha zake kubwa ambazo haziishi leo wala kesho. Upande wa waimbaji pakawa jiko. Mabenchi, mkwe aliyapasua akatengeneza vitanda, makabati na ngazi ya kupandia juu. Kazi ilipokwisha walimfuata Mama kwa mdogo wake, alikokuwa akilala chumba kimoja na watoto wanne wanaorushiana mateke usingizini.

"Njoo ukae na sisi, Mama," binti alimbembeleza. "Chumba chako kinapata jua la asubuhi."

Mama alikuja na kifurushi kimoja tu, asije akaonekana amekwisha kuhamia. Walimtembeza kila pembe, naye akasifu kila kitu, tena kwa moyo mweupe. Mwishowe mkwe akafungua mlango mmoja, akasogea pembeni ampishe.

"Bafu na choo, Mama, humu humu ndani. Hakuna tena kukimbia na mvua."

Mama akachungulia. Vigae vyeupe, ndoo mpya, choo cha kukaa, na ukutani bomba la chuma la kushikilia, kwa ajili ya magoti yake. Kisha akainua macho, akaliona dirisha. Lilikuwa la tatu kutoka mlango mkubwa. Kando yake ulikuwepo bado ule msumari aliokuwa akitundika mkoba wake kila Jumapili. Sasa ulikuwa na taulo.

"Mmefanya kazi, wanangu," alisema. "Mungu awabariki." Akaurudisha mlango taratibu, kana kwamba mna mgonjwa amelala.

Pale ndipo alipokuwa akikaa na marehemu mumewe: mume dirishani, yeye ubavuni kwake. Mume alipofariki, Jumapili ya kwanza Mama alipokwenda peke yake aliwakuta watu wa benchi lile wamebanana upande mmoja, nafasi ya dirishani wameiacha wazi. Waliiacha hivyo mwaka mzima, hata siku ambazo watu walijaa mpaka nje. Mama alikuwa ametendewa mema mengi maishani, lakini hakuna lililomkaa moyoni kama lile.

Binti hakuyajua hayo. Utotoni alikaa mbele na watoto wenzake, na baba yake alipokufa alikuwa masomoni mbali. Mkwe naye alifuata maji tu. Bomba liliingilia upande ule, basi akajenga upande ule.

Mama alijaribu. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akakiachia. Akajitanda khanga, akavuka barabara kwenda kwa jirani, mshonaji wa nguo, akamwomba choo. Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Mshonaji akamwita binti pembeni. "Dada, choo chenu kina chatu?"

"Chatu?"

"Mama yako yuko kwangu asubuhi, mchana, jioni. Mimi sijachoka naye, ananipigia na soga. Ila nauliza tu, kama ni chatu tuite watu."

Binti akarudi mbio, akamkuta Mama amepiga magoti, anafunga kifurushi.

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nyumba nzuri. Ni mimi tu."

"Wewe tu vipi?"

Mama hakuwa na namna. Akamweleza yote, habari ya benchi na ile nafasi iliyoachwa, kwa sauti ya chini kwa sababu mkwe alikuwa juu ya ngazi anapigilia rafu. Lakini kuta za kanisa haziweki siri. Zilijengwa ili mtu wa nyuma amsikie wa mbele. Nyundo ilinyamaza. Mkwe akashuka, akachukua patasi, akaingia bafuni. Mara wakasikia kigae kimebanduka.

Mama akafika mlangoni, uso ameugeuzia pembeni. Kusimama mlango wa bafu, mkwe wake akiwa ndani, lilikuwa jambo asilolitarajia maishani.

"Mwambie mumeo aache."

"Mama, huyo hapo, anakusikia."

"Najua. Mwambie."

"Mume wangu, Mama anasema uache."

"Mwambie Mama," mkwe alijibu bila kugeuka, "choo kinahamia nyuma ya jiko. Hapa nitarudisha kiti. Mbao za benchi zimebaki."

Akasema kama mtu anayesogeza kikombe mezani. Mama akamtazama mgongo uliolowa jasho, na ukucha wa dole gumba uliokuwa mweusi kwa kupigwa na nyundo. Mwaka mzima wa jioni zake ulikuwa kwenye vigae vile, naye anavibandua bila hata kuguna.

Ndipo kicheko kikamtoka Mama, kikamshinda, mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mama?" binti aliogopa.

"Baba yako! Mahubiri yakianza tu, anataka kwenda kujisaidia. Kila Jumapili! Anaruka magoti ya watu benchi zima, na mimi najiinamia kwa aibu. Leo amejengewa papo hapo!"

Binti akaangua kicheko. Mkwe alijibana, patasi ikamponyoka.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Safari hii alimgeukia mkwe mwenyewe. "Kirudishe hicho kigae, mwanangu. Na ukipita kwa mjomba wenu, niletee sanduku langu na godoro. Sufuria waachie, wana watoto."

"Una hakika, Mama?"

"Nipishe kwanza."

Mkwe akampisha. Mama akaingia, akalishika lile bomba la chuma, akafunga mlango. Wawili wale wakabaki nje, hawajui waende wapi.

"Bado mmesimama hapo?" sauti ikatoka ndani. "Hebu nendeni mkafanye kazi!"