Ulimi wa Mzee Tan

Huku kwetu Shajing, mtu akikuambia kazi yake ni kuonja, humwulizi anaonja nini. Si supu. Mtaa mzima unanukia matunda ambayo hayajawahi kuota mtini: embe la kiwandani, tikiti la kiwandani, pichi la kiwandani, yote yakipumulia kwenye madirisha ya viwanda vya sigara za umeme. Na katika waonjaji wote wa mtaa huo, hakuna aliyepewa heshima kama Tan Guohui. Wanunuzi wa ng'ambo walikuja kupiga naye picha. Vijana walimwita Mzee Ulimi, na hata miaka hamsini hakuwa ametimiza.

Tatizo lilikuwa moja tu: Mzee Ulimi hakuwa na ulimi.

Wa kusemea alikuwa nao, tena mrefu wa kutosha. Wa kuonjea ndio uliokufa. Uliondoka na homa ile iliyompitia kila mtu wakati wa baridi. Wenzake walirudishiwa ladha zao baada ya majuma machache. Yeye alingoja, akangoja, mpaka akaona aibu ya kuendelea kungoja. Chai ikawa maji ya moto. Pilipili za kwao Hunan zikamchoma bila kumwambia lolote. Embe na pichi vikawa mvuke vuguvugu, basi. Kitu kimoja tu kilimbakia: ubaridi. Mnanaa ukitiwa kwenye majimaji ya sigara, aliusikia ukimpuliza kooni, na kwa bahati yake karibu kila sampuli iliyofika mezani kwake ilikuwa na mnanaa upande mmoja. Akaishi kwa huo, kama kipofu anayetembea kwa kupapasa ukuta.

Mtu atauliza, kwa nini hakusema? Aah, kusema ni rahisi kwa asiye na shemeji. Kiwanda kilikuwa cha Kuang Zhaolin, kaka mkubwa wa mkewe, na wakati ule ule wa homa Kuang alikuwa mbioni kuiombea pete ya Tan hataza, hati ya serikali inayomzuia mwingine kuiiga. Hiyo pete ilikuwa kazi halisi ya Tan, aliibuni ulimi wake ukiwa hai: inakaa karibu na mdomo wa sigara, ukiizungusha huku embe linazidi, ukiizungusha kule pichi inazidi, na katikati unachanganya upendavyo. Bila hataza, viwanda vikubwa vya ng'ambo ya barabara vingeiiga kabla chai haijapoa.

Sasa ombi lilihitaji jedwali la kuonja, la kuthibitisha kwamba ladha inabadilika kweli pete inapozungushwa. Waonjaji wakakaa. Tan akavuta, akafumba macho, akaandika alama kwa kukumbuka tu jinsi embe lilivyokuwa likimwachia pichi nafasi siku za uhai wa ulimi wake. Na wale wengine, kwa adabu zao, wakachungulia mwalimu kaandika nini, nao wakaandika hivyo hivyo. Nani abishane na Mzee Ulimi? Jedwali likatoka limenyooka, Tan akatia sahihi, akajiambia kwamba wiki ijayo atasema ukweli. Wiki ijayo ilipofika, ombi lilikuwa limeshapelekwa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilimchukua miaka miwili, naye kila siku alikaa kwenye kiti kile cha kuonjea akivuta na kukohoa, akivuta na kukohoa. Daktari alishamwambia aache. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kuinuka kwenye kiti kile, na hakuona njia ya kuinuka bila kuvunja nyumba ya mkewe.

Ndipo Bi Luo, wakala aliyewasimamia katika mambo ya hataza, alipokuja ofisini kwa Kuang na uso wa kutaka kucheka.

"Mkaguzi wa ofisi ya hataza amepinga," akasema. "Kazi ya pete ameielewa. Anacholalamikia ni lile jedwali. Anasema waonjaji wote wamekubaliana kila pumzi, hata mmoja hakutofautiana. Anasema yeye na mumewe hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya supu."

Kuang akacheka mpaka kiti kikalia. "Aje aonje huku, tumfundishe kukubaliana!"

"Haji. Anataka aliyeibuni pete aende Guangzhou, na kifaa chake mkononi."

Tan akadakia. "Si uende wewe, Bi Luo? Mimi maneno ya ofisini siyawezi."

"Nani kataka maneno yako, shemeji?" Kuang akamkatiza. "Anataka ulimi."

"Basi tulitoe hilo jedwali. Tufanye jingine, na waonjaji wapya. Mchukueni yule msichana Xiaoyun, ana pua nzuri."

Bi Luo akatikisa kichwa. "Mzee Tan, ombi la hataza likishapokelewa ndiyo basi. Kupunguza ruhusa, kuongeza marufuku. Kilichoandikwa siku ile ndicho mtakachosimama nacho. Na aliyeandikwa kuwa mbunifu ni wewe, siyo Xiaoyun."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tan alirudi nyumbani akamkuta mkewe, Suqin, ananyoosha shati lake jeupe la sherehe. Alisimama mlangoni akijipanga aseme. Sebuleni mwanawe Yuchen alikuwa akisoma kwa sauti. Jikoni mama mkwe alikuwa akikata mboga. Katika chumba cha juu walikaa binamu wawili wa Suqin walioletwa kutoka kijijini, wote wakila kwa kiwanda kile kile. Neno lilimfika kooni likageuka kikohozi.

"Pole, Baba Yuchen," Suqin akasema bila kuinua macho. "Wewe kaonje tu kama siku zote."

Walikwenda Guangzhou watatu, Tan, Kuang na Bi Luo, na mkaguzi waliyemkuta aliitwa Bi Rong. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na chupa ya chai ya maua ya krisanthemamu aliyoikumbatia muda wote. Hakuwa mkali. Tan angependa awe mkali, maana mtu mkali unaweza kumchukia. Huyu aliwakaribisha, akawauliza safari, kisha akasema ndani hawaruhusiwi kuvuta, kwa hiyo watoke barazani.

Kule barazani aliweka sigara mbili mezani. Zilikuwa za kiwandani kwao, alizoletewa kabla, lakini amezijaza mwenyewe na pete amezifunika kwa karatasi yenye gundi ili mtu asione zimezungushwa wapi.

"Mzee Tan, nia yangu si kukuaibisha," akasema. "Kazi yangu ni kujua kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Hii ni tikiti na mnanaa. Niambie pete iko wapi."

Tan akavuta. Ubaridi ukampiga kooni, na moyo wake ukamrukaruka kwa shukrani za kijinga. "Mnanaa umejaa. Tikiti kidogo sana. Pete iko karibu na mwisho, kushoto."

Bi Rong akageuka, akazungusha pete kwa siri, akamrudishia. Safari hii ubaridi ulikuwa mwembamba. "Umerudi katikati, umepita kidogo kuelekea tikiti."

"Sawasawa," mkaguzi akasema, akaandika. Kuang akamgusa Bi Luo kwa kiwiko. Tan aliwaona, akatamani kuwatapikia.

"Ya pili ni ya embe na pichi."

Akavuta. Hakuna baridi. Mvuke vuguvugu uliingia ukatoka, na mle ndani ya kinywa chake mkawa kama chumba kilichohamwa. Akavuta tena kuchelewesha. Akakohoa, wakamsubiri kwa heshima.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuja limevaa nguo za ukombozi. Kwa nini abahatishe? Akibahatisha akapatia, atarudi kwenye kiti. Akisema ukweli, jedwali ni uongo wenye sahihi yake, na aibu itawafuata mpaka kijijini. Lakini mtu akikosea tu? Ulimi huzeeka, ni jambo la kawaida. Mkaguzi atakata jedwali, Kuang atanuna, kisha atamtafutia kazi ya stoo, na mambo yataisha. Kilichotakiwa ni kukosea vibaya, makosa ambayo hata mtoto angeyaona, ili pasibaki nafasi ya kumtetea. Najua wapo watakaomcheka kwa hilo. Mwoga naye ana hesabu zake, na hesabu hiyo aliipiga kwa makini kuliko watu wengi wanavyoipigia hesabu ndoa.

Akaiweka sigara mezani.

"Humu hamna embe," akasema kwa sauti kubwa. "Hamna pichi. Hamna ladha yoyote, tupu kabisa. Zungusha pete mpaka kesho, hutapata kitu."

Rangi ilimtoka Kuang usoni. Bi Luo akafumba macho. Na Tan Guohui, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, akavuta hewa ya kawaida ya Mungu akaisikia ikimfika chini ya mapafu. Yamekwisha, akajiambia. Naenda stoo, na daktari atafurahi.

Bi Rong akavua miwani. Akaifuta taratibu kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena.

"Nimejaza majimaji yasiyotiwa ladha," akasema. "Pande zote mbili. Nilisema embe na pichi makusudi, nione kama utanisomea lililoandikwa kwenye jedwali." Akamwinamia kidogo, mwanamke yule wa serikali, mbele ya watu. "Nilidhani mmepika jedwali. Nisamehe, Mzee Tan. Pingamizi hilo naliondoa."

Kuang alipiga ukelele, akamkumbatia shemeji yake mpaka miguu yake ikainuka kutoka sakafuni. Bi Luo alikuwa akicheka na kufuta machozi. Katikati ya kelele Tan akafungua kinywa, akasema, "Bi mkaguzi, subiri kwanza, mimi," lakini mkono wa Kuang ulikuwa umeshamzunguka shingo, na Bi Rong alikuwa ameshaifunika kalamu yake.

Bi Luo alikuwa na kazi nyingine mjini, akaagana nao. Wale wawili wakaingia kwenye mgahawa karibu na stesheni. Kuang akaagiza tambi za supu na vitumbua vya nyama ya nguruwe, akaanza kula kwa fujo ya mtu aliyeokoka. Tan hakugusa hata vijiti vyake vya kulia. Alijua kwamba asiposema leo hatasema tena.

"Shemeji," akasema. "Mimi sionji. Tangu homa ile. Sionji chochote. Barazani pale nilitaka kukosea."

Kuang akaendelea kutafuna. Akameza, akapangusa midomo.

"Najua," akasema.

Tan akadhani hakusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Najua huonji. Suqin aliniambia mwezi ule ule wa homa. Unadhani nani aliyeagiza kila sampuli yako itiwe mnanaa upande mmoja? Ilijitia yenyewe? Xiaoyun anaonja kwanza, sampuli zilizoharibika hazifiki kwako." Akamsogezea bakuli. "Kula, bwana. Leo umenitoa roho. Ile ya embe na pichi nilikuwa nimeshaanza kuombea maiti."

"Mmejua miaka miwili. Mmeniangalia nikivuta."

"Tulikustahi. Tungekuambia tunajua ungefanya nini? Ungeinuka."

"Basi leo nainuka," Tan akasema. "Kama wote mnajua, sina kazi pale. Mapafu yangu yanaoza, Zhaolin. Niachie niende stoo, nifagie uwanja, lolote."

Kuang akaweka vijiti chini. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Tan kuliko kitu chochote siku ile. Alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe mzuri.

"Jana ungeniambia hivyo, labda tungetafuta njia. Lakini leo mkaguzi ameandika kwa mkono wake kwamba ulimi wako ni wa kweli. Kesho nikikuweka stoo, wa kwanza kuuliza ni hao wa ng'ambo ya barabara. Watataka hataza ifutwe, watataka jedwali lile, watataka sahihi yako. Wewe ndiye hataza sasa, shemeji. Huonekani kama umeelewa."

"Hataza hiyo inadumu muda gani?"

"Miaka ishirini," Kuang akasema, akarudi kwenye supu yake.

Simu ya Tan ikalia. Alikuwa Suqin, na nyuma yake nyumba nzima ilikuwa ikishangilia. Kaka yake alishawatumia ujumbe kutoka kule kule barazani.

"Baba Yuchen! Umetuheshimisha!"

"Suqin," akasema. "Kaka yako ameniambia. Kumbe unajua."

Shangwe zikasikika zikififia. Alikuwa anajitenga nazo, labda ameingia chumbani akafunga mlango. Tan alingoja aseme neno lolote, la pole, la kujitetea, hata la ugomvi, maana ugomvi nao ungekuwa mlango.

"Njoo nyumbani," Suqin akasema mwishowe, polepole sana. "Kesho asubuhi kuna wanunuzi wanakuja, wamesikia habari zako. Wanataka kukuona ukionja."

Kuang alimwinulia nyusi kutoka upande wa pili wa meza, kama anayeuliza anasemaje huko. Tan akajibu kwenye simu kwamba atawahi.