Upepo wa Mwalimu

Jumapili asubuhi mke wa mwalimu wa udereva alichemsha mayai, akajaza chai kwenye chupa, akafunga mkate kwa taulo, kisha akamwambia mumewe waende bwawani wakatembeze mashua. Mwalimu alifurahi kama mtoto aliyefunga shule. Mkewe hakuwa na hamu ya mashua wala maji. Kesho yake mahakama ilikuwa isikilize rufaa ya mdogo wake wa kiume, aliyefungwa kwa kumgonga na kumuua mwendesha baiskeli, na shahidi pekee alikuwa Mwalimu, aliyekuwa naye garini, ambaye jaji alitaka kumsikia tena. Mdogo mtu mwenyewe siku ile alikuwa amelewa chakari, hakumbuki kitu. Kila akitembelewa gerezani huuliza, "Dada, hivi kweli ni mimi?"

Dada mtu alitaka kujua, na alijua pa kuulizia. Maana Mwalimu akisema uongo, upepo unavuma. Ndivyo alivyo tangu ujana. Mkewe aligundua wiki ya kwanza ya ndoa, aliposifiwa mchuzi ulioungua na pazia likapanda mpaka darini, akazoea, kama wanawake wengine wanavyozoea waume wanaokoroma. Kwenye chama cha mashua walimwita Bwana Upepo. Wenzake wakikwama katikati ya bwawa, yeye huwapita akijisimulia samaki aliowahi kuvua. Kasia hakuwahi kubeba. Kuhusu ajali, mkewe alishamuuliza nyumbani na pazia likacheza, ila dirisha lilikuwa wazi.

Siku hiyo upepo wa bwawa wenyewe ulikuwa hauaminiki. Unapuliza huku, unakufa, unazukia kule.

"Blauzi hiyo imekukaa," alisema Mwalimu walipoacha gati. Tanga likajaa kidogo.

"Ahsante," mkewe akasema, akiishusha blauzi mgongoni.

Wakanywa chai. Alipoona mumewe ametulia, akauliza, "Mwalimu, siku ile, nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mdogo wako. Haya si tumeshayamaliza, mama watoto?"

Mashua ikaruka mbele. Lakini mashua ya mfamasia, mwenzao wa chama, nayo ikaruka, na ya wakala wa bima, kwa hiyo hapakuwa na la kushika. Mama akamenya yai taratibu, akamenya la pili, akingoja. Hatimaye bwawa likafa kabisa. Mfamasia, jirani yao pale majini, alikuwa ameshusha tanga, anasoma gazeti, na gazeti halitikisiki.

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mke wangu, nimekwambia ni shemeji."

Tanga likalia kama shuka linalokung'utwa. Mashua ikalala ubavu, chupa ya chai ikabingirika, maganda ya mayai yakaenda na maji. Kule kwa mfamasia ukurasa wa gazeti ulibaki palepale.

"Bwana Upepo, tubakizie na sisi basi!" mfamasia akawapungia mkono.

Mwalimu aliona macho ya mkewe yalikotua, akafumba mdomo. Mashua ikaendelea kwa nguvu ileile ya mwanzo, ikapita maboya mekundu ambayo mtu haruhusiwi kuyapita, ndipo ikapunguza mwendo. Mbele yao kulikuwa na ukuta wa bwawa, pale maji ya ziada yanapomwagikia korongoni. Hawakuuona mporomoko. Waliusikia.

"Maji yanatuvuta," akasema mke.

"Naona."

"Basi sema, Mwalimu. Sema ukweli kabla hatujafika huko."

Mwalimu alitazama viganja vyake. "Nilikuwa mimi. Shemeji alikuwa amelala kiti cha nyuma, anakoroma. Nilipoona yule mtu hainuki, nikamburuta shemeji nikamweka kwenye usukani, nikamfunga mkanda. Nikawaza, mwalimu wa udereva akiua mtu, nani atamletea mwanawe amfundishe? Na hawa watoto wetu watakula nini?"

Hata unywele mmoja haukutikisika. Tangu waoane hewa haikuwahi kutulia namna hiyo. Maji yakawa kama kioo, na juu ya kioo hicho mashua ikawa inateleza kuelekea ukutani. Walipiga maji, yeye kwa sahani, mumewe kwa mikono. Walikuwa wanajilowesha tu. Mama akawawaza watoto, wamekaa kwa jirani na funguo za nyumba.

"Mwalimu, danganya."

"Nidanganye nini?"

"Chochote."

"Wewe ni mzuri kuliko dada zako wote."

Wakangoja. Tanga likaning'inia vilevile. Siku nyingine mama angefurahi.

"Sema ulichowaambia polisi," akasema. "Chote."

Mwalimu akafumba macho, akaanza. Kwamba shemeji ndiye aliyeshika usukani. Kwamba alimwambia apunguze mwendo, hakusikia. Upepo ukatoka upande wa ukuta, wa moto, ukaingia tangani, na mashua ikageuka kwa shida.

"Endelea," mkewe akamwambia, ameshika kamba ya tanga kwa mikono miwili. "Taa je?"

"Hakuwasha taa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pembeni yake. Nilipiga kelele."

Kila alipochoka, mkewe alimuuliza tena kuanzia mwanzo. Kufika gatini maelezo yalikuwa yamenyooka, hayana hata kigugumizi.

Jumatatu Mwalimu alisimama mahakamani akayasema vilevile. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya kelele za barabarani. Makaratasi yakapeperuka mezani. Jaji akashika miwani yake, karani akainama kuokota, na wakili akangoja wamalize. Kisha jaji akauliza kama ndugu wa mfungwa ana neno.

Dada mtu akasimama. Mdogo wake alikuwa kizimbani, amenyolewa, shati limemganda kwa jasho.

"Sema tu, dada," akamwambia taratibu.

Mwalimu alikuwa amekaa, mdomo ameufunga, anatazama viatu.

"Sina la kusema, mheshimiwa," akasema dada.

Makaratasi yakaruka tena. Karani akayakusanya, akayawekea glasi ya maji juu, na jaji akaanza kusoma uamuzi wa kuitupa rufaa. Kizimbani mdogo mtu alifumba macho, akainua kidevu, upepo umpige shingoni.