Barre Yupi?

Bilan alikuwa akimmiminia mteja maziwa ya ngamia, pale sokoni Garissa, aliposikia jina la baba yake kwenye redio ya kibanda jirani. Alimaliza kumimina, akafunika mtungi, ndipo akatega sikio.

Aliyekuwa akisema ni Keynan, mchambuzi wa siasa, ambaye kila asubuhi huwapanga wagombea kama mbuzi wa mnadani. Siku hiyo alikuwa akieleza ni ukoo gani usioaminika katika uchaguzi ujao, na ushahidi wake aliutoa kwenye vita vya shifta, Wasomali wa huku walipopigana na serikali. Mwaka wa 1967, alisema, mtu aitwaye Barre Jelle aliwaongoza askari hadi visimani, upande wa Liboi, wakawaua wachungaji tisa pamoja na ngamia wao.

Wanawake wa maziwa walimtazama Bilan, kisha wakaitazama mitungi yao.

Habari ya visima ni kweli. Lakini aliyewaongoza askari alikuwa Barre Langaare, yule kiguru, aliyekufa bila mke wala mtoto. Baba yake Bilan alikuwa Barre Dheere, mrefu wa kuinama kila mlango. Akina Barre Jelle ni wengi kama mchanga wa Tana, ndiyo maana watu wa huku huuliza jina la utani hata kabla ya kuuliza hali. Barre yupi? Mtoto akitumwa chumvi kwa mtu, huuliza. Tena visima vilipofikwa na hayo, mvua za Gu, zile za masika, zilikuwa zimekwisha, na Barre Dheere alikuwa kaburini. Serikali ilimfungia ndani ya kambi ya seng'enge hapa hapa Garissa kabla ya Ramadhani, pamoja na maelfu, ngamia wake wote wamepigwa risasi. Akahesabiwa asubuhi na jioni kama mfungwa, akaugua kuhara, akafa baada ya Idi ya kuchinja. Bilan alikuwa na miaka minane. Yeye ndiye aliyepeleka birika la maji maiti ya baba ilipooshwa.

Na mmoja wa wale wachungaji tisa alikuwa babu yake Abdiwahid, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye mwezi uliopita alikuja kumposea mwanawe. Msichana aliyeposwa ni Hinda, mjukuu wa Bilan. Nikaha ilibaki Ijumaa mbili.

Baada ya adhuhuri Bilan alivaa jilbabu safi akaenda studioni. Keynan alimpokea kwa adabu, akamwita eddo, yaani shangazi, akaagiza chai. Alisema jina hilo amelikuta kwenye daftari la askari mmoja mstaafu, limeandikwa kwa wino.

"Ulimuuliza ni Barre yupi?"

"Eddo, historia haiandikwi kwa majina ya utani."

"Kwani mama yako hakuwahi kukutuma kwa mtu?"

Fundi wa mitambo alicheka. Keynan hakucheka. Alimwomba aeleze baba yake alikuwa wapi wakati huo, naye Bilan akaeleza yote polepole, Ramadhani, Idi na mvua, bila kuruka kitu. Keynan aliandika. Alipomsindikiza mlangoni alisema, "Kesho sikiliza, eddo. Nitarekebisha."

Kesho yake Bilan mwenyewe alimwomba jirani aongeze sauti.

"Binti yake Barre Jelle alifika hapa jana," Keynan akasema, "akathibitisha kwa kinywa chake kwamba baba yake aliishi ndani ya kambi ya serikali. Kambi ya serikali, wasikilizaji. Jumlisheni wenyewe."

Kisha likaingia tangazo la sabuni.

Abdiwahid alikuja kabla ya alasiri, peke yake. Alivua viatu, akaketi mkekani, akakataa chai. Bilan akajua.

"Eddo, mimi najua aliyetuua ni Langaare. Bibi yangu alimlaani kwa jina hilo mpaka siku anakufa."

"Basi waambie watu wako."

"Niwaambie wangapi? Nimepigiwa simu kutoka Takaba. Nimepigiwa kutoka Kutulo. Vijana wanasema nimeenda kuposa kwa waliomwaga damu ya babu. Tumeona tungoje."

"Mpaka lini?"

Abdiwahid alitafuta viatu vyake. Bilan alimwombea safari njema, kwa sababu mgeni ni mgeni, na hakumsindikiza.

Hinda alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Alimkuta bibi yake uani akifukiza mitungi kwa kijinga cha moto, maziwa ya kesho yasiharibike. Akachuchumaa kando yake.

"Ayeeyo, kama usingeenda kule studioni?"

Bilan alizungusha kijinga ndani ya mtungi, moshi ukamjaa usoni. Swali hilo alikuwa akijiuliza tangu asubuhi, na Mola peke yake ndiye aliyekuwa amelisikia.