Bastola Lazima Ionekane

Mlango mkubwa wa kituo cha zimamoto ulikuwa umeinuliwa mpaka juu ili moshi wa majiko ya mafuta ya taa utoke, na upepo wa Januari ukawa unaingia kama mwenye nyumba. Watu wote waliokuja kula chakula cha pamoja walikuwa wamefunga makoti mpaka kidevuni. Mimi peke yangu nilisimama kwenye foleni ya maharage koti langu likiwa wazi, upande wa kulia nimeuchomeka nyuma ya mkanda usije ukateleza mbele na kuifunika bastola iliyokuwa kiunoni.

Tangu nishuke garini nilikuwa nimeuchomeka mara nne. Bado niliupapasa.

"We Dreama!" Hobart Tackett aliniita kutoka kwenye masufuria, mwiko mkononi. "Umekuja kula au kuteka wapishi?"

Watu wakacheka. Nikajaribu kucheka nao.

"Hako kabastola lakini ni ka kuulia panya," akaendelea, akinipakulia. "Ungeniuliza mimi kabla hujanunua. Na usimsikilize mtu, sawa? Haki yako hiyo. Mtu akikuletea maneno, mwambie aje kwangu."

"Asante, Hobart."

Watu kama Hobart walinichosha kuliko walionichukia. Walidhani nimejiunga na chama chao cha wapenda bunduki. Mimi sikuipenda bastola ile, uzito wake ulinichubua nyonga, na kila nilipoingia dukani mazungumzo yalikatika. Ningeifurahia zaidi kama ingekaa chini ya koti, isijue mtu. Lakini sheria ya jimbo letu iko hivi: ikionekana, huhitaji kibali. Ikifunikwa, hata na pindo la shati, bila kibali ni kosa. Niliomba kibali kwa sherifu wiki tatu zilizopita. Afande Keene ndiye aliyechukua alama za vidole vyangu, akaniambia huku akinipa karatasi ya kufutia wino, "Siku arobaini na tano, Dreama. Mpaka hapo, nikiiona imefunikwa hata dakika moja, sina la kufanya. Nitaandika."

Na sasa Afande Keene alikuwa ameketi meza ya kona, kofia yake kando ya sahani, akivunjavunja mkate wa mahindi ndani ya maharage. Nilifurahi kumwona. Nikapapasa tena pindo la koti.

Sikuja kwa ajili ya maharage. Nilikuja kwa ajili ya Bi Opal Ratliff, aliyekuwa mwisho wa foleni akikata mkate.

Bi Opal anakaa ng'ambo ya barabara yangu. Asubuhi ile ya Desemba mume wangu Denver alipovunja mlango kwa teke na kuniburuta kwa nywele ngazi zote saba mpaka kwenye theluji, yeye alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Hakuna mwingine aliyeona. Denver alikaa rumande siku mbili akatoka, na jaji akasema shauri litasikilizwa Jumatatu: kama Denver azuiwe kunikaribia, na kama binti yetu Junie awe analala kwake kila mwisho wa wiki. Akaniambia nilete mtu aliyeona kwa macho. Nisipomleta, ni neno langu na neno lake, na Denver ana maneno mazuri.

Nilikuwa nimebisha kwa Bi Opal siku tatu mfululizo. Pazia lilisogea, mlango haukufunguka. Hapa hakuwa na mlango wa kufunga.

"Wa pembeni au wa katikati?" akauliza bila kuinua macho.

"Bi Opal, ni keshokutwa. Jaji alisema..."

"Nimekuuliza mkate."

"Wa pembeni."

Akauweka kwenye sahani yangu taratibu, kama mtu anayelaza yai. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukija kwangu bila hicho kitu, tutaongea. Ukija nacho, mimi sipo. Na unajua kwa nini."

Nilijua. Kila mtu alijua. Mwanawe Curtis alikuwa na miaka kumi na tisa, akisafisha bunduki kwenye meza ya jikoni, risasi moja ikiwa bado ndani, na Bi Opal alikuwa anaosha vyombo.

"Nikiivua, Denver atakuja," nikasema.

"Na usipoivua, mimi siji mahakamani. Songa, mwanangu, unazuia foleni."

Nikaketi peke yangu kwenye meza ndefu, mgongo ukutani, uso mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kiti cha tatu kutoka kwangu alitazama kiuno changu, akatazama watoto wake wawili, akanyanyua sahani zote tatu na kuhama. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Denver aliingia nikiwa sijameza tonge la pili.

Nilijua angeweza kuja. Kituo kile ni chake kama kilivyo cha wote. Ni mzimamoto wa kujitolea miaka tisa sasa, na mwaka juzi ndiye aliyembeba mke wa Hobart akamtoa kwenye moshi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lake la kanisani, na alianza kwa kusogeza jiko moja karibu na wazee waliokuwa wakitetemeka. Akashika mabega ya huyu, akauliza mguu wa yule. Mpaka anafika mezani kwangu, nusu ya ukumbi ilikuwa inatabasamu kwa sababu yake.

Alisimama mbali, hatua tano hivi, mikono ikionekana.

"Mama Junie," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sina ugomvi. Nimekuja kula kama wewe. Ila watoto wapo hapa, na wengine wanaogopa kukwambia. Siombi uivue, ni haki yako. Ifunike tu. Shusha koti, basi."

Denver anaijua sheria ile kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha, enzi tulipokuwa bado tunacheka pamoja.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi, au hutaki?" Alikuwa mama aliyehama na sahani. Sasa sauti aliipata.

"Siwezi. Ni sheria. Ikifunikwa..."

"Jamani, dada, kushusha koti tu!" mwanaume mmoja akadakia. "Tena kuna baridi. Unajitesa ili utuonyeshe?"

"Anapenda tuione," mwingine akasema. "Ndiyo raha yake."

Nilianza kueleza tena. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtoto anayetafuta sababu. Hobart akasimama kunitetea. Akaanza na waasisi wa taifa na haki ya kubeba silaha, na kabla hajalifikia koti langu watu walikuwa wameshamgeuzia visogo.

"Hobart, maharage yanaungua," Denver akamwambia kwa upole.

Hobart akamtazama mtu aliyemtolea mke kwenye moshi. Akarudi kwenye masufuria.

Nikamtazama Afande Keene. Alikuwa ameacha kutafuna. Hakunitazama usoni, alitazama kiuno changu, pale ambapo koti lilikuwa nyuma na bastola mbele, wazi kama sikio. Nikapapasa mkanda. Koti bado liko nyuma.

Denver aliinua mikono kama mtu aliyeshindwa kwa ustaarabu. "Haya. Nimeomba tu." Akaondoka, akapita kwa Bi Opal, akainama na kumsemesha kitu sikioni huku amemshika kiwiko. Bi Opal akatikisa kichwa. Akasemeshwa tena. Akanitazama. Kisha Denver akatembea polepole kuelekea mlangoni, na mimi, kwa kuwa ni wiki sita sijawahi kumpa mgongo, macho yangu yote yalimfuata yeye.

Ndiyo maana sikuona mtu aliyekuja kwa ubavuni.

Kitu kizito chenye joto kilitua mabegani mwangu. Shali ya sufu, kubwa, inanuka sabuni na samli. Ilishuka kifuani, ikashuka mapajani, na mikono miwili ya mzee ikaikunja vizuri mbele yangu.

"Unatetemeka, mwanangu," Bi Opal akasema.

Nitasema ukweli: kwa muda wa pumzi moja nilifumba macho. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amenigusa kwa wema tangu Desemba.

"Afande Keene!" Ilikuwa sauti ya Denver kutoka mlangoni, na haikuwa ya upole tena. "Umeona? Imefunikwa. Hana kibali. Umeona kwa macho yako!"

Vijiko vikakoma kugonga. Nikasikia jiko likivuma.

Mkono wangu wa kulia ulianza kushuka kuivuta ile shali, nikausimamisha hewani. Shali ilikuwa juu ya bastola. Mkono unaoshuka pale ni mkono unaoifuata bastola, na Keene alikuwa ameshasimama.

"Dreama," akasema. "Mikono mezani."

Nikaiweka mezani. Viganja chini, vidole vimetanuka, kimoja ndani ya maharage. Mkono wa Keene mwenyewe ulikuwa kwenye ala ya bastola yake. Hakuwa ameifungua. Nilikitazama kile kifungo cha ala kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote.

"Bi Opal," nikasema, na meno yalikuwa yanagongana, "tafadhali, itoe. Mimi siwezi kushusha mkono."

"Shali yangu imefanya nini?"

"Itoe taratibu, mama," Keene akasema. "Vuta kutoka begani. Usiguse kitu kingine."

Akaivuta. Baridi ikarudi, na bastola ikawa inaonekana tena, na koti lilikuwa bado nyuma ya mkanda pale pale nilipoliacha. Keene alilitazama koti hilo kwa muda mrefu.

"Nani kamfunika?"

"Mimi. Mtoto anatetemeka, huoni? Midomo ya bluu."

"Ni wazo lako?"

"Denver kaniambia ana baridi ila ana aibu ya kuomba. Kaniambia nikimfunika, watu watatulia na mtoto atakula, na mimi sitakiona hicho..." Akakoma. Nilimwona akiyapanga yale maneno ya Denver kichwani mwake, neno moja moja, kama anavyopanga mikate. Akamgeukia Denver.

"Ulijua."

"Bi Opal, mimi nilimwonea huruma tu..."

"Ulijua ni kosa, ukanituma. Umenifanya fimbo ya kumpigia. Mimi! Na shali ya mama yangu!"

"Mama, umechoka, kaa chini," Denver akasema, na akatabasamu lile tabasamu. Nalijua. Baada yake huja kitu kingine. Sijui kama wengine waliliona, lakini nina hakika Bi Opal aliliona, kwa sababu alikwishaliona mara moja, kutoka barazani kwake, na kikombe cha kahawa mkononi.

Keene akatoa kidaftari. "Naandika nilichoona. Jina lako kamili, mama?"

"Opal Jean Ratliff. Andika ni mimi niliyemfunika. Na uandike nani kanituma."

Akaandika. Aliandika mistari mingi kuliko nilivyotaka, kisha akakifunga. Nikamuuliza ameandika nini. Nikamuuliza kama kibali changu kimekwisha, kama jaji atalisikia hili Jumatatu.

"Atakayeamua ni sherifu, si mimi," akasema. "Kula, Dreama. Chakula kinapoa." Hakunipa hata jicho la kunituliza. Nadhani hakuwa nalo.

Denver akatoka. Kupitia ule mlango mpana nilimwona akipanda kwenye lori lake dogo. Akawasha injini. Hakuondoka.

Watu wakaanza tena kugonga vijiko, kwa sauti ya chini. Mama aliyehama hakurudi karibu yangu, na sikumlaumu. Bi Opal alikuja na sahani yake, akazunguka meza nzima ili aketi kushoto kwangu, upande usio na bastola.

"Jumatatu saa ngapi?"

Nikaweka kijiko chini. "Saa tatu asubuhi."

"Nitakuja. Nitasema nilichoona. Mlango, nywele, ngazi, vyote." Akamega mkate. "Lakini tunakwenda na gari langu, na hicho kitu hakipandi gari langu. Kinabaki nyumbani kwako."

"Mahakamani siingii nacho, Bi Opal, wao wenyewe hawaruhusu. Ningekifungia garini, pale nje. Ila njiani..."

"Njiani hakipo. Nimesema gari langu."

"Ni maili kumi na nne. Kuna ile kona ya mgodi wa zamani, hakuna nyumba hata moja pale. Yule mtu..."

"Yule mtu nimemwona sasa hivi, kama unavyomwona wewe. Sikatai kuogopa, naogopa sana. Lakini siketi na bastola ndani ya gari, Dreama. Siwezi. Usiniombe tena, maana nikikukatalia mara nyingine nitalia mbele ya watu hawa wote, na wewe utabaki bila shahidi."

Nje, lori la Denver lilikuwa bado linanguruma, moshi mweupe ukitoka nyuma na kuingia ukumbini pamoja na upepo. Nilihesabu maili. Nikamfikiria Junie akiwa kwa dada yangu, nikafikiria begi lake dogo la kila Ijumaa, nikishindwa Jumatatu, likiwa kwenye kiti cha lori lile.

Kidole changu kilikuwa bado kina maharage. Nikakipangusa.

"Utanipitia saa ngapi?" nikauliza.