Uji wa Jentrix

...na huyu Kipkorir hajamaliza, nusu saa nzima kasimama mbele ya wasomaji kumi wa kikundi cha vitabu hapa maktaba ya Kitale akieleza hadithi za upelelezi zilikotoka, ati miji ya Ulaya ilipofurika wageni watu wakaanza kuogopana, ndipo wakaajiriwa askari wa kuvaa kiraia na magazeti yakapata cha kuuza, haya, Edinah amesikia, alipita hapa baada ya kuomba ruhusa shuleni ili apumzishe kichwa, kumbe kichwa ndicho kinachopigwa, na sasa swali linazunguka kiti kwa kiti, "Wewe ulimjua muuaji ukurasa gani?" Viola anasema tisini, muongo huyo, hata kitabu hakukifungua, na simu inatetemeka tena mkobani, ni kaka yake, Mukhisa, kutoka Bungoma, ujumbe wa tatu tangu asubuhi, Kesho tunakaa saa nne, usichelewe, huyo mama lazima aseme aliweka nini kwa uji... kesho, siku ya tatu tangu wamzike baba pale Kanduyi, ukoo mzima uani, mtu wa karibu asimame aeleze mzee aliugua vipi, alikula nini, nani alimshika mkono, na Jentrix, mke mdogo wa baba, ataketi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyempa uji wa wimbi asubuhi ile, baba akanywa nusu, akaanguka, basi, kesi wameshaikata, wanataka afungashe arudi kwao Ndalu... "Baada ya vita vikubwa vya kwanza," Kipkorir anaendelea, "watu walikuwa wamezika vijana wengi bila kuelezwa sababu, si mnaona? Hapa kifo ni kimoja, mtu anasimama anaeleza kila kitu, unafunga kitabu unalala." Unalala, bana, nani analala, Edinah hajalala tangu Jumatano baba alipoanguka, yeye aliyelelewa na vile vitabu vidogo vya upelelezi vya Kiswahili, baba akivichagua kwenye magunia yaliyotandazwa kando ya barabara, akimtania, umeshamjua? na kila mara alikuwa amemjua, kwa sababu huwa ni yule asiyeulizwa chochote, yule anayelia vizuri... na matangani nani aliwamiminia wageni chai, nani alisoma wasifu mpaka wazee wakafuta macho, mwalimu wetu Edinah, aulizwe nini, yeye yuko mbali, Kitale, na simu ya Jumapili ile nani aliisikia, baba analalamika vidonge vya presha vinamzungusha kichwa, yeye ana rundo la madaftari ya kusahihisha, hana subira, "Basi baba, si uviache kidogo, upumzishe mwili wiki moja," na baba alivyomheshimu mwalimu wake akaviacha, wiki ikawa siku tisa, Jentrix akimbembeleza avinywe, alilisema hilo matangani mbele ya wote, wakamzomea, na Edinah alikuwa pale pale, birika mkononi, akanyamaza, Mungu wangu, alinyamaza akaendelea kumimina...

"Edinah, zamu yako, ukurasa gani?"

Simu inatetemeka, Viola anamtazama, na yeye anakiona kile kikombe cha baba, hakikuwa na kitu ila uji, na kesho atasimama yeye kabla Mukhisa hajafungua mdomo.

"Nilijua tangu mwanzo," anasema.

Kipkorir anaandika moja ubaoni, anamgeukia anayefuata.