Kanda ya Harusi na Kigelegele cha Shangazi

Jana mchana niliota niko ndani ya kanda ya harusi yangu mwenyewe, nimealikwa, na kadi ninayo mkononi. Sikushangaa. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa nimekuja na kandambili.

Nieleze kwanza. Mdogo wangu Leokadia anaolewa Jumamosi. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka minne, na sauti ya mama imebaki mahali pamoja tu: kwenye kanda ndogo ya kamkoda ya harusi yangu, iliyofanyika mwaka mmoja kabla hajafariki. Mama anashika maiki, anasema, "Theodora mwanangu," na hapohapo Shangazi Konsolata, aliyekaa pembeni ya spika, anafyatua kigelegele kisichokatika mpaka mama anapoirudisha maiki. Mimi mwenyewe siku ile sikusikia neno. Viatu vilikuwa vinanibana, akili yote iko vidoleni. Wiki iliyopita Leokadia aliniuliza, "Dada, mama alinitaja?" Nikamwambia sijui, na niliona aibu kweli.

Basi nikaazima kamera ya Mzee Mkude, yule aliyeturekodi siku hiyo, nikaiunganisha na kompyuta kwa waya. Nilitumaini nikishaihamisha kanda nitaweza kukipunguza kile kigelegele. Mzee Mkude alinipa masharti: nafasi iwepo ya kutosha, kanda iende kwa mwendo wake, na nisiguse kitu chochote mpaka iishe. Akaongeza kuwa imechakaa, huenda ikacheza mara hii moja tu. Nikabonyeza, nikajinyoosha kwenye kochi, usingizi ukanichukua.

Wa kwanza kusema ni kompyuta. Inaniambia hakuna nafasi. Nauliza nifute nini. Inasema isiyo na nafasi ni nyumba. Natoa kabati. Bado. Natoa jokofu na meza ya chakula. Bado. Mume wangu ananyanyuka mwenyewe na gazeti lake, anatoka nje, na kompyuta inasema sasa inatosha.

Sebule ni ukumbi wa parokia. Wageni wamejaa, na bibi harusi kule mbele ni mimi, mwembamba kiasi cha kunitia wivu. Kamera imesimama mlangoni kwa miguu yake mitatu, inapokea kadi. Naiomba inipeleke moja kwa moja dakika ya arobaini na mbili, pale mama anapozungumza.

"Kwani wewe uliolewa kwa kurukaruka?" inaniuliza. "Kanda ni ya saa moja. Utakaa saa moja."

Nakaa. Nakula pilau yenye chembechembe nyeupe za picha iliyochakaa. Chumvi iko sawa. Zamu ya zawadi inafika, nami napanga mstari, nacheza hadi mbele na beseni kichwani, najitunza. Bibi harusi ananishukuru kwa adabu, halafu anamnong'oneza mpambe wake, akitaka kujua yule mama wa kandambili ni wa upande gani.

Kosa langu ni kitambaa cha meza. Kimekunjamana, nami kwa mazoea nakinyoosha, na wageni watatu wanadondoka kutoka kwenye picha, pu, pu, pu. Kompyuta inatangaza kutoka darini kuwa kuna mtu amegusa kitu. Nawaokota, nawapangusa vumbi, nawarudisha kwa haraka. Baba mkwe wangu anaishia kwenye kwaya, na anaimba vizuri tu.

Dakika ya arobaini na moja. Mama anasimama, anakaza kitenge chake. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mfupi vile. Natamani nikamshike mkono, moyo unaniuma, lakini masharti ni masharti. Nakwenda kwa Shangazi Konsolata, ambaye tayari ameanza kuvuta pumzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinikatishe pumzi, mwanangu, zamu yangu hii."

Namwomba anyamaze, dakika moja tu.

"Mama wa bibi harusi anasema, halafu shangazi mtu nimekaa kimya?" anasema. "Watasema nimenuna. Watasema upande wa baba haukuridhika."

Namwonyesha mtoto wa miaka mitatu aliyelala kule nyuma kwenye viti viwili vilivyounganishwa. Namweleza kuwa mtoto yule hatakuwa na sauti nyingine ya mama yake isipokuwa hii. Shangazi anamtazama Leokadia, kwa muda mrefu kuliko kanda inavyoruhusu.

"Kunyamaza siwezi," anasema. "Kutoka nje naweza."

Anavua viatu, anapita mlango wa jikoni kwa kunyata. Ameacha mkoba wake kwenye kiti. Mama anashika maiki.

Nikaamka. Kanda ilikuwa imekatika ndani ya kamera, haifai tena. Kompyuta ilikuwa imeandika kwamba imehifadhi saa moja kamili. Kabati lilikuwa mahali pake, na mume wangu pia.

Nikaipeleka ile nakala ya kwenye kompyuta hadi dakika ya arobaini na mbili. Kwenye kiti cha pembeni ya spika kulikuwa na mkoba peke yake. Kigelegele kilikuwepo, lakini kilitoka mbali, upande wa jikoni, na mama alisikika neno kwa neno.

"Theodora mwanangu, nimefurahi. Sasa nyie wageni, msiimalize miguu yote leo. Nimebakiza binti mmoja, Leokadia wangu, yule amelala kule nyuma. Siku yake nyie mtakaa. Nitacheza mimi."

Nililia, sifichi. Kisha nikampigia Leokadia, nikaiweka simu karibu na spika. Akaniomba nirudie, nikarudia, akaomba tena. Mara ya nne nilimsikia anapenga kamasi.

"Jumamosi mtakaa wote," akasema. "Tutacheza mimi na mama."