Koti la Nanaa

Enoch Tapsell alipokuwa hai, Mtaa wa Lindow wote, kule Camberwell, ulijua kwa harufu kuwa anarudi, hata kabla hajakata kona. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya paa na kumwaga mafuta ya nanaa na maji moto kwenye bomba la choo, huku mwenzake ndani ya nyumba ananusa. Nanaa ikinukia jikoni, basi bomba limepasuka na uchafu unawaingia wenye nyumba. Mmwagaji hanusi, kwa kuwa yeye ni nanaa tangu kofia hadi viatu. Mnusaji wake alikuwa mkewe, Keziah. Siku moja aligundua ufa, akatoa kichwa dirishani: "Shuka, Enoch. Hawa wanakula chooni." Wakacheka njia nzima kurudi. Raha gani ile.

Sasa Enoch yuko kaburini, na koti lake limetundikwa msumarini, kando ya sinki. Keziah hakulifua. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliligusisha uso, na mumewe alikuwa yupo.

Kisha mjukuu wake, Wilf, akashikwa na homa ya matumbo, akapona, akashikwa tena. Bwana afya, kijana aitwaye Pettifer, akaja na fundi wake kupima mabomba.

"Bi Keziah, na koti hili humu hatuwezi," alisema Pettifer. "Nyumba nzima inanukia nanaa."

"Mabomba haya kayatandika Enoch kwa mkono wake. Nendeni mkapime kwa wenye mapazia ya hariri."

Lavinia, binti yake, alikuwa amempakata mtoto. "Mama, mganga hajigangi. Baba kapima nyumba za watu wote, hii yetu hakuipima. Na tangu koti litundikwe hapo, nani ajuaye pembe hiyo inanuka nini?"

"Usimseme babako."

"Simsemi. Namtazama mwanangu anavyokwisha."

Keziah akamtazama pia. Shingo ya Wilf ilikuwa imebaki kamba tupu. Akalitungua koti, akalipeleka uani, akalianika kwenye kamba ya nguo penye upepo. Alijua upepo haurudishi kitu. Ilimuuma kama siku ya mazishi, na siku ile angalau watu walimshika mkono.

Madirisha yakaachwa wazi hadi mchana. Keziah akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akabadili gauni, akasimama penye msumari mtupu.

"Bibi, pumzika, nitanusa mimi," alisema Pettifer.

"Pua hii imefukuza homa za watu kabla hujaota ndevu, mwanangu. Kaeni nje nyote."

Fundi akapanda, akamwaga. Keziah akangoja, akiomba harufu isije, jina la mumewe lisichafuke. Halafu chini ya mbao za sakafu ikapanda, ya moto, kali, mpya kabisa, kama Enoch anayeingia mlangoni na kuuliza chakula kiko wapi. Machozi yakamtoka. Hakuna mwingine aliyeisikia, angeweza kunyamaza.

Akavuta pumzi moja zaidi, hiyo ikawa yake mwenyewe. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Shuka, Enoch," aliita. "Ni hapa kwetu."

Yule wa juu ya paa hakuitwa Enoch, lakini alishuka.